Siku Mtandao Ulipolala Burma

Ikifika saa kumi na moja alfajiri, Soko la Burma limeshaamka kitambo. Magari ya nyama yameteremsha mizigo kutoka vichinjio kama Dagoretti na Kiamaiko. Vijana waliovaa makoti ambayo zamani yalikuwa meupe wanapita mbio na mapaja ya ng'ombe begani, na ukichelewa kusonga utaambiwa "kando, kando!" bila salamu. Wenye hoteli na vibanda kutoka Kaloleni, Makongeni, Maringo, Jericho na Shauri Moyo wanachagua: huyu anataka mbavu za mbuzi, yule matumbo, mwingine kichwa na miguu ya kuchemsha supu. Zamani hapa ulisikia noti zikihesabiwa kwa vidole vyenye mafuta. Siku hizi unasikia mlio wa meseji.

Asubuhi tunayotaka kukusimulia, mlio huo haukuja. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na sisi tulikuwa hapo na meza yetu na mwavuli, tumeenda kufundisha wateja jinsi ya kutambua meseji feki. Tulikuwa na fulana mpya zenye jina la kampuni mgongoni. Kufika saa kumi na mbili u nusu, huduma yetu ikalala, na hizo fulana zikageuka kuwa shida, kwa sababu kila mtu alijua wa kumuuliza.

Mbele yetu alikuwa mzee anayeuza nyama ya mbuzi na mama mwenye hoteli ndogo upande wa Kaloleni. Hatutataja majina yao, walituomba hivyo. Mama alikuwa amepimiwa kilo sita, akalipa kwa simu, na salio lake likapungua. Kwa mzee hakukuingia kitu. Wanajuana miaka mingi, yeye humwita "mzee wangu" na mzee humwita "mama". Lakini nyama ilibaki kwenye mizani.

"Mama, si eti sikuamini," mzee akasema. "Ni hii simu ndiyo haijaniambia kitu."

Mama naye alikuwa na wateja wa supu wanaofika saa moja, na hakuwa na hata shilingi mia mbili taslimu. Pesa zote zilikuwa ndani ya simu, kama tulivyomfundisha sisi wenyewe. Foleni nyuma yake ikarefuka. Wengine walianza kupiga laini ya huduma kwa wateja, ambayo nayo ilikuwa inaita tu. Baada ya dakika arobaini hivi, mzee alikata nyama mara mbili, akampa nusu. Nusu nyingine aliirudisha kwenye kulabu.

Tulifunga meza yetu mapema siku hiyo.

Nchi iliyowahi kulala mwezi mzima

Jumatatu ofisini, tukiwa bado na aibu, mwenzetu mmoja alisema kile kilichotokea Burma kwa asubuhi moja kiliwahi kutokea kwa nchi nzima kwa zaidi ya mwezi. Alikuwa anazungumzia Tonga, na tangu siku hiyo tumesoma mengi kuhusu visiwa vidogo vya Bahari ya Pasifiki kuliko tulivyotarajia. Tunaomba uvumilivu wako. Pasifiki ni mbali, lakini utaona Burma inarudi.

Tonga ni ufalme wa visiwa zaidi ya 150, na vingi havina mtu. Watu wake wote ni kama laki moja tu. Kilomita elfu mbili hivi kutoka hapo iko New Zealand, na huko na Australia na Marekani wanaishi Watonga wengi sana. Hao ndio wanaotuma pesa nyumbani. Kwa miaka ya karibuni pesa hizo zimekuwa kama asilimia 40 ya pato la nchi, kiwango kilicho miongoni mwa vya juu kabisa duniani. Ada ya shule, mchango wa kanisa, mabati ya nyumba, mazishi: karibu kila kitu kina mkono wa mtu aliye ng'ambo.

Tarehe 15 Januari 2022, mlima wa volkano ulio chini ya bahari, Hunga Tonga–Hunga Ha'apai, ulilipuka. Majivu yakafunika visiwa, mawimbi ya tsunami yakaja, na waya wa mawasiliano uliopita chini ya bahari kwenda Fiji ukakatika. Huo ndio waya pekee uliounganisha Tonga na dunia. Simu za nje zilirudi kidogo kidogo baada ya siku kadhaa kwa njia ya setilaiti, lakini waya wenyewe ulirudi tarehe 22 Februari. Visiwa vya nje kama Vava'u na Ha'apai, ambavyo vina waya wao mwingine, vilingoja zaidi ya mwaka.

Sasa fikiria. Wiki ambayo watu walihitaji pesa kuliko wiki nyingine yoyote ndiyo wiki ambayo pesa hazikuweza kupita. Ndugu zao Auckland na Sydney walikuwa nazo mkononi, wako tayari kutuma. Ni kama yule mama na ile nyama kwenye mizani.

Kenya haiko hatarini kwa kiwango hicho. Mombasa tuna nyaya kadhaa: TEAMS na SEACOM zilifika mwaka 2009, EASSy ikafuata mwaka 2010, na nyingine zimekuja baadaye. Tarehe 12 Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika pamoja, na intaneti ikawa ya kujikokota Afrika Mashariki nzima. Ilijikokota lakini haikufa, kwa sababu kulikuwa na njia nyingine. Tena pesa za simu hapa kwetu hazihitaji kuvuka bahari ili mtu wa Burma amlipe mtu wa Burma. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. M-Pesa ya wenzetu Safaricom ilianza Machi 2007, na hadi mwaka 2015 mitambo yake ilikuwa Ujerumani. Ukimtumia mtu shilingi mia tano akiwa ng'ambo ya Jogoo Road, hesabu hiyo ilikuwa inafanywa Ulaya kisha inarudi. (Ndiyo, tunawataja washindani. Historia ni yao, hatuwezi kuiandika bila wao.)

Mizani mbili

Ukisoma kuhusu maendeleo ya visiwa vya Pasifiki, utakutana na orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi. Nchi ikipanda, hutolewa kwenye orodha. Samoa ilitoka Januari 2014, na Vanuatu ikatoka Desemba 2020. Zote mbili zilicheleweshwa. Samoa ilikuwa itoke mapema zaidi, lakini tsunami ya Septemba 2009 ikaharibu hesabu. Vanuatu ilikuwa itoke mwaka 2017, na kimbunga Pam cha Machi 2015 kikabomoa nyumba na mashamba, ikaongezewa miaka mitatu.

Kilichotuvutia ni jinsi wanavyopima. Kuna kipimo cha mapato, kuna kipimo cha afya na elimu, na kuna cha tatu, ambacho ni udhaifu wa nchi: pigo moja likija, inaanguka kiasi gani? Samoa na Vanuatu zilipita kwa mapato na kwa afya na elimu. Kwa udhaifu hazikupita. Yaani mtu anaweza kuwa amepanda kweli, watoto wamesoma, pesa zinaingia, na bado upepo mmoja ukamrudisha chini.

Hapo ndipo tuliacha kuona Pasifiki, tukaona soko letu.

Kenya imepanda kwa kipimo cha kwanza, hakuna ubishi. Utafiti wa FinAccess, unaofanywa na Benki Kuu ya Kenya pamoja na wenzake, ulikuta mwaka 2006 kwamba watu wazima wapatao 27 tu kati ya 100 walikuwa wakitumia huduma rasmi za fedha. Mwaka 2024 walikuwa karibu 85. Watafiti Tavneet Suri na William Jack walichapisha mwaka 2016, katika jarida la Science, kwamba pesa za simu zilitoa nyumba kama 194,000 za Kenya kwenye umaskini uliokithiri, na kwamba wanawake kama 185,000 waliacha kutegemea shamba la kula tu wakaingia biashara. Ukienda Burma utaona sura za takwimu hizo. Ni akina mama wa matumbo na wa kuku, na wale wa chai na maandazi pembeni, ambao miaka ishirini iliyopita hakuna benki iliyokuwa na habari nao.

Lakini FinAccess hiyo hiyo huuliza swali la pili. Je, mtu huyu anaweza kumaliza mwezi bila kukwama, kuhimili pigo la ghafla, na kuweka kitu cha kesho? Wanaoweza ni chini ya 20 kati ya 100, na mwaka 2024 idadi hiyo ilikuwa chini ya ilivyokuwa mwaka 2019. Sisi kampuni za simu tunapenda sana kusema lile la 85. Hili la 20 hatuliweki kwenye mabango.

Ndiyo maana asubuhi ile ilituuma. Mama wa hoteli ni mfano wetu mzuri. Ana laini, ana namba ya tili, anaweka akiba kwenye simu, amewahi kukopa na kulipa. Na alikosa nyama kwa sababu kitu kimoja kililala kwa dakika arobaini.

Pesa inayovuka maji

Kuna mwingine tuliyemfahamu Burma, anayeuza matumbo na maini. Kwao ni Kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria, kaunti ya Homa Bay. Alipotusikia tukiongea habari za visiwa, akacheka. "Nyinyi mnaenda mbali kutafuta kisiwa, na mimi niko hapa?"

Mamake yuko huko, mzee, ana presha na dawa za kila mwezi. Zamani, anasema, pesa ilipelekwa na mtu anayesafiri. Unamtafuta stendi ya mabasi jioni, unampa bahasha, na unaanza kuomba Mungu. Basi likifika Mbita asubuhi, bahasha inangoja boti. Ziwa likichafuka, inangoja zaidi. Wakati mwingine ilifika pungufu na maelezo mengi.

Sasa anatuma akiwa amesimama nyuma ya meza yake, mkono mmoja una kisu. Pesa inafika kabla hajafuta kisu. Lakini kufika kwa pesa kwenye simu ya mamake na mamake kushika dawa mkononi ni mambo mawili tofauti. Wakala wa karibu na kwao huishiwa na pesa taslimu. Siku wavuvi wa omena wameuza vizuri, kila mtu anataka kutoa, na kufika saa sita mchana wakala anasema "sina floti, rudi kesho". Ili wakala aongeze pesa taslimu lazima avuke kwenda Mbita. Mara mbili mama huyo amepanda boti mwenyewe ili kutoa pesa iliyokuwa tayari kwenye simu yake. Nauli ya boti inakula sehemu ya dawa.

Shida hii wanaijua Fiji, nchi ya visiwa zaidi ya 300. Huko Vodafone Fiji ilileta huduma ya pesa za simu mwaka 2010 na kuiita M-PAiSA, jina ambalo hata mtoto wa Burma akilisikia atajua limetoka wapi. Wakati wa Korona, serikali ya Fiji ilipotaka kuwafikia waliopoteza kazi, ilituma msaada kwa simu, kama vijana wa Eastlands walivyolipwa kwa simu mwaka 2020 kwa kazi za Kazi Mtaani. Lakini kwenye kisiwa kidogo, pesa ya simu inafaa tu ikiwa kuna dukani pa kuitumia au mtu wa kuibadilisha.

Tulichomshauri mama wa matumbo, na tunakushauri wewe mwenye wazazi kisiwani au kijijini, ni hiki: usimtumie mzazi pesa ili akatoe kwa wakala. Lipa wewe mwenyewe duka la dawa kwa namba yao ya tili, halafu mpigie mzazi simu aende achukue. Yeye amefanya hivyo miezi miwili sasa. Mwenye duka huko Mfangano amekubali, na boti ya kwenda kutoa pesa imekwisha. Ada pia imepungua, kwa sababu ameondoa ada ya kutoa. Cha kutumiwa mkononi amekipunguza kikabaki cha sukari na majani ya chai.

Na kwa kuwa tumegusa ada, tuseme wazi, maana watu hutuuliza kila siku. Serikali inatoza ushuru juu ya ada yetu. Haitozi juu ya pesa unayotuma. Mwaka 2023 ushuru huo ulipanda kutoka asilimia 12 hadi 15. Kwa hivyo yule aliyekuambia kwamba ukituma elfu kumi serikali inachukua elfu moja na mia tano amekudanganya. Kinachoumiza mtu mdogo ni kutuma mara nyingi vipande vidogo vidogo, kwa sababu kila kipande kina ada yake. Kuanzia Machi hadi Desemba 2020, Benki Kuu ilifanya miamala ya hadi shilingi 1,000 iwe bila ada kwa sababu ya Korona, na watu wakazoea kukatakata. Msamaha ule uliisha, ukabaki kwa viwango vya chini kabisa, hadi shilingi 100. Mazoea ya kukatakata hayajaisha.

Wadogo wanaouza pamoja

Kuna hadithi moja ya Pasifiki ambayo tuliwasimulia wauza nyama na wakaipenda kuliko zote. Inahusu samaki, lakini soko ni soko.

Nchi nane, kati yake Kiribati, Tuvalu, Nauru na Visiwa vya Marshall, zina bahari kubwa yenye samaki wengi aina ya jodari. Hazina meli kubwa za kuvua. Meli zinatoka mbali, na kwa miaka mingi meli hizo zilikuwa zinakwenda nchi moja moja kuomba bei. Ukikataa bei yangu, naenda kwa jirani yako. Kila nchi ikawa inashusha. Nchi hizo zilikuwa na mkataba tangu mwaka 1982, unaoitwa Mkataba wa Nauru, lakini ni pale zilipoanza kuuza siku za uvuvi kwa hesabu moja, siku zenye idadi maalum na bei ya chini ambayo hakuna anayeivunja, ndipo mambo yalipogeuka. Mwaka 2010 walikuwa wanapata kama dola milioni 60 za Marekani kwa mwaka. Kabla ya miaka kumi kwisha, mapato yalikuwa yanakaribia milioni 500. Idadi ya samaki haikuongezeka mara nane. Kilichobadilika ni kwamba waliacha kushindana wenyewe kwa wenyewe.

"Hiyo ni chama," mzee wa mbuzi akasema kabla hatujamaliza. Ni kweli. Burma pia wanaijua. Watu watano au sita wanachanga, wananunua mbuzi pamoja kutoka kwa mletaji mmoja, bei inashuka kidogo kwa kila kichwa. Mtu mmoja akienda peke yake, mletaji anampangia.

Kinachovunja vyama hivi, kwa yale tuliyoyaona, ni kwamba pesa hukaa kwenye simu ya mtu mmoja, karibu kila mara bila ubaya wowote. Mweka hazina anaugua, au simu inaibwa Muthurwa, au mtoto wa mweka hazina anarudishwa nyumbani kwa ada ya shule na yeye "anaazima" kidogo. Kwa hivyo tunasisitiza: fungueni akaunti ya kikundi ambayo kila mwanachama anapata meseji pesa zikiingia na zikitoka, na ambayo kutoa kunahitaji watu wawili au watatu kukubali. Ikiwa kampuni yako ya simu au Sacco yako haina huduma hiyo, tafuteni inayo. Tunajua tunaweza kupoteza wateja kwa kusema hivyo.

Kwa nini paliitwa Burma

Tuliuliza jina, kwa sababu linaendana kwa ajabu na habari hizi za mbali. Wazee wa mitaa ya karibu husema lilikuja na askari wa King's African Rifles waliorudi kutoka vita vya Burma. Kikosi cha Afrika Mashariki kilipigana huko kweli, mwaka 1944, kwenye misitu na matope ya Bonde la Kabaw. Vita hiyo hiyo iliwachukua vijana wa Fiji hadi Visiwa vya Solomon. Mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipoanza, New Zealand ilifungua mpango wa kuwaleta wafanyakazi wa msimu kutoka Pasifiki kuchuma matunda na kupogoa mizabibu. Watafiti waliofuatilia familia za Tonga na Vanuatu walikuta mapato ya waliokwenda yamepanda kwa zaidi ya asilimia 30. Wakati huu kijana anakwenda kwa miezi michache, anarudi na pesa, na anarudi akiwa hai. Wauza nyama vijana walitaka kujua kama Kenya iko kwenye mpango huo. Haiko, ni wa nchi za Pasifiki. Na ukikutana na mtu anayekuuzia nafasi ya kwenda kuchuma tufaha New Zealand kwa ada ya usajili inayolipwa kwa simu, funga simu.

Tulichobadilisha

Kwa upande wetu, tulibadilisha mafunzo. Zamani tulikuwa tunasema weka pesa zote kwenye simu, taslimu ni hatari. Hatusemi hivyo tena. Sasa tunamwambia mfanyabiashara abaki na taslimu ya ununuzi wa asubuhi moja, isizidi hapo, ikae mahali ambapo hataigusa kwa sababu nyingine.

Tunamwambia awe na laini ya pili ya kampuni nyingine, hata kama ni washindani wetu, na aweke kitu kidogo humo. Tangu mwaka 2018 unaweza kutuma kutoka mtandao mmoja hadi mwingine moja kwa moja, na tangu 2022 namba ya tili ya mtandao mmoja inalipika kutoka mtandao mwingine. Wengi hawajui. Lakini huo muunganisho hautakusaidia kama mtandao wako ndio umelala, na ndiyo sababu ya laini ya pili.

Mtandao ukilala ukiwa umeshalipa, usilipe tena. Hili tunalirudia mpaka tunachoka. Siku ile ya Burma watu kadhaa walilipa mara mbili, na mmoja mara tatu, wakidhani ya kwanza imepotea. Huduma iliporudi, zote zikaingia. Wauzaji wengi walirudisha bila maneno. Mmoja alisema tayari ameitumia kulipa mletaji, na ikachukua wiki. Ngoja, piga picha ya salio lako, andika saa, na utupigie.

Na wewe unayepokea, usiangalie meseji peke yake. Matapeli wanapenda sana siku za mtandao mbovu. Wanatuma meseji iliyofanana na yetu, kisha wanasema "si unajua leo mtandao unasumbua". Angalia salio kwenye menyu ya simu yako. Kama halijaongezeka, hujalipwa, hata kama meseji ina jina lako la kati.

Tulirudi Burma wiki chache baadaye, safari hii bila mwavuli. Mzee wa mbuzi alikuwa ameandika namba mbili za tili kwa chaki kwenye kibao, za kampuni mbili tofauti, yetu ikiwa ya chini. Kwenye msumari karibu na mizani alikuwa ametundika daftari la kurasa tisini na sita kwa kamba. Juu ya jalada ameandika kwa kalamu nzito: MTANDAO UMELALA. Ndani kuna majina ya wateja anaowajua, kilo walizochukua, na pesa walizosema wametuma. Anasema limetumika mara mbili tayari, na wote walilipa.

Mama wa Kaloleni alikuwa hapo, analisoma ukurasa wake kwa makini.

"Mzee wangu, hapa umeandika kilo mbili. Mimi nilichukua moja unusu."

"Mama, hiyo nusu ni ile nilikuongezea mifupa."

"Mifupa unaipima siku hizi?"

Tuliwaacha wakiendelea.